Mikono Nyuma

Nyamizi aliposhuka kwenye pikipiki karibu na daraja dogo, kilomita moja kabla ya machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, alikuta wanaume kama arobaini wamesimama kwenye ukingo wa korongo, kila mmoja amefunga mikono yake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyesogea. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na maji mekundu yalikuwa yakishuka kwa kasi kutoka mashambani. Katikati ya maji hayo lilikuwamo gari dogo jeupe, pua imeinama, mkia umeinuka kidogo. Ndani yake mtu alikuwa anapiga kioo kwa kiganja.

Gari alilijua. Machimbo mazima yalilijua. Lilikuwa la Raudha, binti wa Akida mwenye duka la pampu na mipira ya maji kule Ibadakuli. Wachimbaji walilipa jina la Bubu, kwa kuwa lilitembea kwa umeme na halikuwa na mlio.

Lakini kilichomfanya Nyamizi asimame ghafla hakikuwa gari. Ilikuwa ile mikono. Ni yeye aliyewafundisha kuifunga.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, fundi wa umeme wa pampu, mwanamke pekee wa kazi hiyo pale machimboni. Ufundi aliusomea Shinyanga mjini akiwa msichana, akaenda Geita, akafunga pampu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kwa miaka sita. Huko ndiko alikoolewa na Thobias, mchimbaji, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Walipohamia Mwakitolyo, binti yao Blessing alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Thobias alifia ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Pampu ilikuwa inavuta maji, na waya wake ulikuwa umechubuliwa na mwamba bila mtu kujua. Alishika bomba. Mdogo wake, Theonest, aliona kaka yake anatetemeka bila sauti, akamrukia ili amvute. Mtu wa tatu akamrukia Theonest. Jenereta ilipozimwa huko juu, walitolewa wote watatu, wamekufa. Pampu ile Nyamizi aliifunga mwenyewe, miezi miwili kabla. Hakuna aliyemlaumu, mwamba ukichubua waya si kosa la fundi, walisema wazee wa familia, na wakamaliza. Yeye hakumaliza.

Matanga yalipokwisha alianza kupita duara kwa duara. Mtu akipiga kelele ya "Shoti!", aliwaambia, kila aliye karibu arudishe mikono nyuma na aishike, kwa sababu mkono una huruma ya haraka kuliko kichwa, na huruma hiyo ndiyo inayoua. Usimguse mtu, usiguse bomba, usiguse maji. Mmoja akimbilie jenereta. Wengine wasubiri mpaka fundi atamke: "Imezimwa." Aliwafanyisha mazoezi hayo mpaka wakamchukia. Walimwigiza sauti kwenye vilabu vya pombe. "Usiwe mtu wa pili!" walikuwa wanaambiana wakigombania nyama choma, wakirudisha mikono nyuma na kucheka. Lakini miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na tangu Theonest hakuna mwingine aliyekufa kwa kumvuta mwenzake.

Sasa alisimama juu ya korongo akiitazama kazi yake.

"Usishuke, Mama Blessing!" Alikuwa Edward, msimamizi wa duara kubwa kuliko yote, mtu wa kifua kipana, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele ya "Shoti!". "Lile ni umeme mtupu. Ona, linatoa moshi!"

"Limeanguka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Dakika kumi. Lori la mawe lilikata kona likamfuata upande wake, likamsukuma mpaka chini." Alionyesha kwa kidevu, maana mikono yake ilikuwa nyuma. Ng'ambo ya barabara dereva wa lori alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, mzima.

"Raudha amesema nini?"

"Anasema mguu. Umebanwa."

"Na maji?"

Edward akageuza macho korongoni. Wote walikuwa wanayaona. Yalikuwa yamefika kwenye vishikio vya milango, na vijiti na makapi ya mahindi yalikuwa yanajikusanya kwenye kioo cha mbele.

"Tumemtuma mtu wa pikipiki akuite, na umefika," Edward akasema. "Wewe ndiye fundi. Tamka imezimwa, tushuke."

"Na nisipotamka?"

"Basi tunasubiri."

"Tunasubiri mpaka lini, Edward?"

"Wewe ndiye uliyesema tusubiri!" Sauti yake ilipasuka. "Tusimame kwenye maji tushike bati lenye umeme? Wewe? Wewe leo ndiye unatuuliza?"

Abel, mchimbaji mwembamba aliyekuwa pembeni yake, akatikisa kichwa. "Jenereta ukiizima unasikia imekufa. Hili Bubu likiwaka limenyamaza, likizimwa limenyamaza. Nani atajua?"

"Wanaume arobaini!" Eunice, mama lishe wa pale darajani, alikuwa amepanda juu ya jiwe, mwiko bado mkononi. "Mna mitaimbo, mna kamba, mmefunga mikono kama watoto wanaongoja viboko! Mtoto wa watu anazama!"

"Shuka wewe basi, Eunice, kama unajua!"

"Nashuka!" Akatupa ndala moja huku, nyingine kule, akaanza kuteremka. Wanaume wawili wakamdaka kiunoni na kumrudisha juu akipiga mateke.

"Mtu wa pili huyo!" Edward akafoka. "Mshikeni!"

Nyamizi alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Aliteremka hatua chache mpaka maji yalipokaribia vidole vya miguu, akachuchumaa na kulitazama gari kama anavyotazama pampu iliyoungua, kuanzia mwanzo. Pua yake ilikuwa imekunjamana kama kopo lililokanyagwa. Boneti ilikuwa imepinda, na kwenye ufa wake ulionekana waya mnene wa rangi ya chungwa. Lakini kuanzia kioo cha mbele kwenda nyuma gari lilikuwa zima. Paa halikubonyea. Nguzo za milango zilikuwa zimesimama wima. Kwenye ukingo kulikuwa na mfereji mmoja mrefu, ulionyooka: gari lilishuka kwa tumbo kimo cha watu wawili, halikubiringika hata mara moja. Uzito wake wote uko chini.

Hilo alilijua kwa sababu wiki tatu nyuma Raudha alileta mipira ya maji, akaomba kuchaji kwenye karakana yake mpaka jioni. Waliketi pamoja na kitabu cha gari, Raudha akielekeza simu kwenye kurasa zake ili zigeuke Kiswahili, Nyamizi akimhoji kama hakimu. Betri iko wapi? Chini ya sakafu, kwenye sanduku la chuma, na sanduku hilo linaikaza sakafu isijikunje. Na likigongwa?

"Linajikata lenyewe, Mama Blessing. Kifaa kinachofungua mifuko ya hewa ndicho kinachoamuru umeme ukatwe palepale kwenye betri. Wewe hujajua kama umegongwa, lenyewe limeshakata."

"Nani ameliona likijikata?"

"Unataka niligonge ulione?"

"Kinywa huumba, mwanangu. Acha."

Walicheka. Lakini usiku ule Nyamizi alikaa na kitabu peke yake, akafuata michoro ya nyaya mmoja mmoja. Umeme wa jenereta za machimboni una mguu mmoja uliofukiwa ardhini. Ukigusa waya ukiwa umesimama kwenye tope, mwili wako ndio unaokuwa njia yake ya kurudi kwao. Umeme wa betri ile hauna mguu ardhini. Waya wa kwenda na waya wa kurudi zote ni za rangi ya chungwa, zote zimevikwa mpira, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwenye bati la gari. Bati lile halina deni na mtu. Mtu fulani, nchi ya mbali, aliketi akamfikiria dereva asiyemjua, akamjengea chumba. Alifunga kitabu akiwa na uchungu asioweza kumwambia yeyote. Hata kwa pampu kuna kifaa kinachokata umeme chenyewe. Kipo madukani. Wenye maduara husema ni ghali.

Sasa alitazama tena. Kupitia kioo cha pembeni aliona kitambaa cheupe kikining'inia kwenye usukani: mfuko wa hewa ulikuwa umefunguka. Ule "moshi" ulikuwa unga wa mfuko huo, unatua polepole, haupandi. Alinusa. Hakukuwa na harufu ya kuungua, wala ile harufu kali tamu ya betri iliyopasuka ambayo kitabu kilionya juu yake. Alisikiliza. Hakuna kilichofoka kama sufuria.

Lakini tumbo la gari lilikuwa chini ya maji, na huko hakuweza kuona. Kama sanduku limepasuka? Kitabu kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kuliona korongo hili. Aliyoyajua yalikuwa mengi, asilolijua lilikuwa moja, na hilo moja lilitosha kumuua.

"Nifungeni kamba," akasema.

"Mama Blessing..."

"Kiunoni. Nikitetemeka, mnivute kwa kamba. Mtu asinishike. Umesikia, Edward? Hata nikikuita jina."

Edward alimfunga yeye mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta fundo na kulikosa. "Mayu," akanong'ona kwa Kisukuma, kama anayemsemesha mama yake mzazi, "tutamwambia nini Blessing?"

Nyamizi alilivuta fundo kulikaza. Alivua mkanda wenye chuma na saa, akampa Eunice. Pete ya ndoa ilikataa kutoka. Akaiacha.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyotarajia. Hatua ya kwanza, mguuni. Ya pili, gotini. Akili yake ilikuwa inasema bati halina deni na mtu, na mwili wake haukuamini hata neno. Kila nywele ya mikono ilikuwa imesimama. Alijikuta anapumua kwa mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alielewa kitu kuhusu Theonest: kwamba kijana yule hakuwa mjinga. Aliona, akaenda, basi.

Maji kiunoni. Mkondo ulimsukuma, akajikaza. Hatua mbili zaidi na gari likawa mbele yake, mlango wa dereva umbali wa mkono.

Aligeuza kiganja. Fundi hagusi kitu asichokiamini kwa kiganja, maana umeme hukunja vidole na vidole hung'ang'ania. Hugusa kwa mgongo wa mkono, ili ukijikunja ujiondoe wenyewe. Aliunyoosha mkono, akausimamisha upana wa kidole kutoka kwenye bati.

Akagusa.

Ubaridi. Bati, matope, na mtikisiko mdogo wa maji yakipita chini. Akagusa tena, mlangoni na kwenye paa, mikono yote miwili kwa pamoja. Kisha akabandika viganja vyake viwili na kuegemea.

Kioo kilikuwa kimeshuka robo na kukwama. Ndani, maji yalikuwa yamefika kifuani pa Raudha. Mkanda wa gari ulikuwa umembana, mfuko mweupe umemlalia mapajani, midomo yake imekuwa kijivu.

"Shikamoo, Mama Blessing," akasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kinauma? Kifua?"

"Kifua, hapa penye mkanda. Mguu wa kulia siusikii vizuri. Umeingia chini ya pedali." Meno yalikuwa yanagongana. "Mbona hawaji? Nimewaona wamesimama, mikono nyuma, wananitazama. Nilidhani nimeshakufa, wako mazikoni kwangu."

"Wanakuja. Gari umelizima?"

"Nimebonyeza kitufe. Lakini lilikuwa limeshazimika. Lilipogongwa tu, taa zote, pu! Nikasikia kama kitu kimepasuka chini ya kiti, kidogo tu, kama ganda la karanga."

Nyamizi alifumba macho. Basi lilijikata. Akageuka kuelekea ukingoni.

"Njooni! Leteni mitaimbo!"

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamtazama, arobaini, macho yamewatoka, mabega yamekaza. Alishangaa, kisha akaelewa. Miaka kumi na mmoja aliwaambia wasimsikilize mtu anayeita akiwa ndani ya maji. Anayeita anaweza kuwa amechanganyikiwa. Kuita tu si lile neno.

"Lile neno!" Edward alipiga kelele, karibu analia. "Sema lile neno, Mama Blessing!"

Hakuwahi kulitamka bila kusikia kwanza injini ikifa kwa masikio yake. Na hapa halikuwa hata kweli kamili: chini ya sakafu ile umeme ulikuwepo bado, wote, umefungiwa tu sandukuni, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuuzima. Maji yakapanda yakagusa shingo ya Raudha.

"Imezimwa!" akapiga kelele. "Imezimwa! Imezimwa!"

Korongo likajaa watu. Walishuka kama ng'ombe walioona lambo, wakaanguka, wakainuka. Edward alifika wa kwanza, akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya mlango, akajiandaa kuulalia kwa uzito wake wote.

"Si hapo!" Nyamizi akamrukia mkono. "Chini hapo ni betri! Ukiitoboa tunaungua sote. Juu, kwenye bawaba! Na mtu asiguse waya wa chungwa!"

"Nimeelewa! Nimeelewa!" Akahamisha mtaimbo. "Abel, weka wako hapa! Moja, mbili..."

Bawaba ya kwanza ililia, ikakataa. Raudha alikuwa ameinua kidevu. Mara ya pili wanne wakalalia, na mlango ukafunguka kwa mlio wa bati linalochanika, maji yakazunguka yakaingia kwa nguvu zaidi. Eunice alikuwa tayari ndani ya korongo, kitenge kimemwelea, kisu chake cha nyanya mkononi. Ndicho kilichokata mkanda. Nyamizi alivuta pumzi, akapiga mbizi kwenye giza la miguu ya Raudha, akapapasa: kiatu, kifundo, pedali iliyopinda juu yake. Aliibuka. "Mtaimbo mfupi!" Akazama tena nao, akauchomeka kati ya pedali na ukuta, akakanyaga. Hakuna. Alikanyaga tena, mapafu yanawaka. Kitu kikalegea. Alihisi mguu ukipita mbele ya uso wake, ukitolewa.

Alipoibuka, Raudha alikuwa juu ya mikono ya wanaume, anapitishwa kutoka bega hadi bega kuelekea ukingoni, akipiga mayowe ya maumivu. Mayowe yale yalikuwa matamu.

Walimlaza juu ya vitenge. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, hilo halikuhitaji daktari. Kutoka begani mpaka nyongani ulipita mstari mwekundu wa mkanda. Zaidi ya hapo, hakuwa hata na mchubuko usoni. Dereva wa lori alikuwa amekuja, anarudia maneno yaleyale kwa kila mtu: nilimgonga na tani kumi, tani kumi, nikajua nimeua.

"Bubu limemshika," Abel akasema. Alikuwa analitazama gari kwa heshima, kama mtu aliyemdharau mgeni kisha akamwona akiinua gunia. "Limevunjika lenyewe mbele huko, yeye halikumwacha."

"Tokeni wote huko majini!" Nyamizi akafoka. "Na mtu asirudi. Betri iliyogongwa inaweza kuwaka hata kesho. Wekeni mtu barabarani, asipite wa kuchukua hata taa."

Wakatoka, wakitii, wakicheka sasa kicheko cha juu kisicho na sababu. Mmoja alimwigiza Edward akisema lile neno, lile neno, na Edward mwenyewe akacheka, kisha akaacha.

Gari la abiria aina ya Noah lilikuwa limesimamishwa, na viti vya nyuma vinalazwa ili Raudha apate kunyooka. Edward alimfuata Nyamizi aliyekuwa anafunga mguu wa Raudha kwa vipande viwili vya mbao.

"Usingekuwepo karakana leo," akasema kwa sauti ya chini, "tungesimama pale mpaka azame. Mimi ningewashikilia wasishuke."

"Ndiyo."

"Ungekuwa Solwa, au Shinyanga. Tungesimama tu."

"Ndiyo, Edward. Najua."

"Sasa tufanyeje siku nyingine? Mikono nyuma au mbele?"

Nyamizi alikaza fundo. Angependa kuwa na jibu fupi, kama lile la kwanza, linaloingia kichwani mwa mtu aliyeshikwa na woga. "Kwenye duara, nyuma, kama siku zote. Magari haya..." Akaujaribu ubao kama umekaza. "Kesho saa moja, kabla hamjashuka. Nitakuja na kitabu. Nitawaonyesha nilichokitazama, kimoja kimoja. Lakini sitawapa neno, Edward. Mtajifunza kutazama."

"Hao? Kutazama?"

"Na wewe."

Edward alitikisa kichwa, hakukubali wala kukataa, akashika upande wa mguuni wakamwinua pamoja. Raudha aliuliza kama baba yake ameshaambiwa. Akaambiwa bado, akasema basi waanze na kumwambia kwamba bintiye anaongea.

Nyamizi alikaa sakafuni kando yake, nguo zinachuruzika, kichwa cha msichana kikiwa pajani pake. Barabara ilikuwa mbovu na kila shimo lilimtoa Raudha sauti. Walipofika lami alikuwa amesinzia. Nyamizi hakuuamini usingizi huo. Aliweka mkono karibu na pua yake, akahesabu pumzi moja baada ya nyingine, na hakuacha mpaka hospitali ya mjini.